Kwa nini sura ya jasi naitanguliza

Nikipewa kazi ya kupanga maonyesho ya mtunzi wa muziki Beethoven, wafadhili hutaka picha yake aliyoichora Stieler ikae mlangoni. Unaijua hata kama jina la mchoraji hulijui: nywele timtim, skafu nyekundu, penseli mkononi, karatasi za misa yake, Missa solemnis. Ilichorwa mwaka 1820, na picha yenyewe iko kwenye makumbusho ya Beethoven-Haus, Bonn, mji aliozaliwa. Nzuri, sikatai. Ila Beethoven hakuwa mtu wa kutulia kitini achorwe. Alichoka, na mikono ile Stieler akaimalizia kwa kukumbuka tu.

Mimi mlangoni naweka barakoa ya jasi ya mwaka 1812. Mchongaji Franz Klein alitakiwa kutengeneza sanamu ya Beethoven kwa ajili ya ukumbi wa akina Streicher, waunda piano wa Vienna. Hakutaka kubahatisha vipimo, akachukua sura moja kwa moja kwenye ngozi. Kazi hiyo si mchezo. Unapakwa mafuta, unamwagiwa jasi mbichi, nayo ikianza kuganda inapata joto na kuelemea. Macho umefumba, mdomo umefumba, umebakiwa na pua tu. Inasimuliwa kuwa mara ya kwanza Beethoven aliona pumzi inamwishia, akaibandua na kuitupa. Tuliyo nayo ni ya mara ya pili.

Taa naiweka ubavuni. Ikitoka mbele inafuta kila kitu. Hapo utaona vishimo vya ndui mashavuni, ambavyo wachoraji walimfichia. Utaona na ule mdomo uliobanwa. Watazamaji husema, angalia hasira ya fundi mkubwa! Mimi naona mtu mwenye jasi usoni anayesubiri yaishe. Wachongaji waliofuata waliiga mdomo huohuo kutoka kwa Klein, na ndiyo sura tuliyomzoea.

Halafu kuna barakoa ya kifo, aliyoichukua mchoraji Danhauser tarehe 28 Machi 1827, siku mbili baada ya mtunzi kufa. Madaktari walikuwa wameshakata mifupa ya upande wa masikio kuchunguza uziwi wake, hivyo uso umebonyea. Watu huzichanganya sana hizi mbili. Nimeshakuta nakala ya 1812 ikiuzwa kama sura ya maiti. Hii ya Danhauser naiweka chumba cha mwisho, nyuma ya pazia la ukuta, ili asiyetaka kuiona apite zake.