Ukishindwa kesi, njia ni rufaa, si ofisi ya mkuu wa wilaya

Tuchukue shauri la kawaida huku kwetu. Mkulima wa Tandahimba, mkoani Mtwara, amekopeshwa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, kwa ahadi ya kulipa baada ya mnada. Malipo ya korosho yameingia, mwenye salfa hajaona kitu, wamefikishana Mahakama ya Mwanzo. Mmoja anasema mifuko ilikuwa kumi, mwingine sita. Hakimu hakuwapo siku ya makabidhiano, na si kazi yake kwenda kuulizauliza mtaani. Anapima alicholetewa: karatasi yenye sahihi, ujumbe wa simu, shahidi aliyeona mifuko ikipakiwa kwenye bodaboda. Katika madai hushinda mwenye ushahidi mzito zaidi. Kwa hiyo hata mwenye haki yake anaweza kushindwa akija mikono mitupu.

Wakishindwa, wengi hukimbilia kwa mkuu wa wilaya, au husubiri ziara ya waziri wainue bango. Inatuuma, kwa sababu huku nyuma siku za rufaa zinakwisha. Ibara ya 107A ya Katiba imeipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki. Hukumu ya mahakama hutenguliwa na mahakama, basi.

Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Usiporidhika, una siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utaulizwa sababu ya msingi, na kuzunguka maofisini hakutakusaidia sana.

Ardhi ina njia yake. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu. Suluhu ikishindikana, mgogoro huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Mkuu wa wilaya anayo nafasi, lakini nyingine kabisa: ni mwenyekiti wa Kamati ya Wilaya ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama. Hakimu akikuomba rushwa au akikutolea lugha chafu, peleka malalamiko huko bila woga. Kamati inashughulikia mwenendo wa hakimu. Hukumu yenyewe itasimama mpaka mahakama ya juu iseme vinginevyo, kwa hiyo kata rufaa wakati huohuo.