Chumvi ya Barabarani na Planktoni wa Maziwa: Dhana Potofu na Ukweli

Kila majira ya baridi, kaskazini mwa Marekani na nchini Kanada, malori humwaga chumvi barabarani ili barafu isishike. Theluji ikiyeyuka, chumvi hiyo hushuka mitaroni, ikafuata vijito hadi ziwani. Huko ndiko waliko planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini: mwani, na wanyama wanaoula mwani huo kisha wakaliwa na samaki wachanga.

“Maji yasiyo na ladha ya chumvi hayana neno.”

Ulimi ni kipimo kibaya. Watu wengi huanza kuihisi kloridi, sehemu kubwa ya chumvi, ikifika miligramu 250 hivi kwa lita. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani, gramu 6 hivi, kwenye ndoo ya lita 20, ukoroge. Asilimia 61 ya chumvi hiyo ni kloridi, kwa hiyo ndoo sasa ina miligramu 180 hivi kwa lita. Wengi watayanywa maji hayo wasihisi kitu. Kwa dafnia wa ziwa lenye maji laini, yaani yenye kalsiamu na madini machache, kiasi hicho ni hatari.

Dafnia ni jamaa mdogo wa kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3. Mtazame kwa kioo cha kukuzia: mwili unapitisha mwanga, moyo unadunda mgongoni, utumbo una ukijani wa mwani aliokula, mayai yamo kwenye mfuko wa mgongo. Damu yake ina chumvi kuliko maji anamoishi, hivyo maji humwingia na chumvi humtoka wakati wote, naye hutumia nguvu kusawazisha. Kloridi ikipanda, usawa huo huvurugika. Mara nyingi mayai hupungua kabla vifo havijaonekana, na ndiyo maana kuhesabu waliokufa peke yake hakutoshi.

“Kikomo cha serikali kinawalinda.”

Marekani iliweka kikomo cha kloridi cha muda mrefu mwaka 1988: miligramu 230 kwa lita. Kanada ni 120. Vikomo hivi vilitokana na majaribio ya maabara, spishi moja moja. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika maeneo 16 ya Amerika Kaskazini na Ulaya kwa kutumia planktoni wa maziwa yenyewe. Katika karibu robo tatu ya maeneo hayo, zaidi ya nusu ya wanyama wa kundi fulani la planktoni walipotea kwenye viwango vilivyo sawa na vikomo hivyo au chini yake. Dafnia na jamaa zake ndio walioumia zaidi.

Ugumu wa maji una sehemu yake: kalsiamu hupunguza sumu ya kloridi, kwa hiyo kiwango kinachovumilika kwenye maji magumu huua kwenye maji laini. Chakula kikiwa haba, hali huwa mbaya zaidi. Kwa maoni yetu, kunakili namba ya 230 na kuipeleka kwenye ziwa lenye madini machache kama Viktoria ni kosa kubwa.

“Chumvi itaua mwani, ziwa litakate.”

Ni kinyume chake. Walaji wakifa, mwani hubaki bila wa kuupunguza. Katika karibu nusu ya maeneo yale 16, uliongezeka. Aina nyingine huipenda chumvi hasa. Katika mto Oder, mpakani mwa Poland na Ujerumani, maji ya chumvi kutoka migodini yaliustawisha mwani wa Prymnesium parvum mwaka 2022, na sumu yake ikaua mamia ya tani za samaki.

“Mbona Turkana na Nakuru kuna viumbe?”

Wapo waliozoea magadi kwa vizazi visivyohesabika. Tena chumvi ya huko ni ya bikaboneti zaidi, siyo ile ya barabarani.

“Dafnia nao watazoea.”

Baadhi, ndiyo. Huko New York, Daphnia pulex walijenga uvumilivu ndani ya miezi miwili na nusu, lakini saa ya mwili inayowaongoza usiku na mchana ikaharibika.

“Mvua itaisafisha.”

Kloridi haiozi wala hailiwi na bakteria. Maji yenye chumvi ni mazito, hutuama chini na kuzuia ziwa kujichanganya, hadi oksijeni ya chini inakwisha. Mirror Lake, jimboni New York, lilishindwa kujichanganya majira ya kuchipua ya 2017 kwa sababu hiyo.

“Ukimwaga nyingi, barafu huondoka upesi.”

Koleo kwanza, chumvi baadaye. Kikombe kimoja cha mililita 350 kinatosha mita 45 za mraba, ikitawanywa kwa nafasi. Sakafu ikiwa na baridi chini ya nyuzi -9 za Selsiasi, chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri. Tumia mchanga upate mshiko. Punje zinazobaki pakikauka, zifagie uziweke kwa siku nyingine.