Kaunti iliyoungana na jiji: maana yake, na mfano wa Cheongwon ya Korea Kusini

Kaunti ya zamani ni eneo lililokuwa na serikali yake, kisha serikali hiyo ikavunjwa, na ardhi pamoja na watu wake wakawekwa chini ya jiji la jirani. Kinachofutwa ni chombo cha kisheria: mkuu wa kaunti, baraza lake, bajeti yake na mhuri wake. Vijiji vinabaki palepale, na mara nyingi hata majina yake hayaguswi. Njia rahisi ya kuielewa dhana hii ni kuifuata kaunti moja tangu ilipoundwa hadi ilipofutwa. Nimeichagua Cheongwon, mkoa wa Chungcheong Kaskazini, kwa sababu muungano wake ulipita mikononi mwa wananchi wenyewe, na wao hawakukubali upesi.

Kabla ya 1946 hapakuwa na Cheongwon. Kulikuwa na Kaunti ya Cheongju, na ndani yake mji mdogo wenye jina hilohilo. Juni 1 mwaka huo mji ukatengwa ujitawale, na mashamba na vijiji vilivyobaki vikapewa jina jipya, Cheongwon. Ndivyo utaratibu wa Korea ulivyokwenda kwa miaka mingi: mji ukikua, unaondolewa kwenye kaunti yake na kupewa hadhi ya jiji. Baadaye kigezo kikawa wakazi 50,000. Kila mji uliokua uliiacha kaunti bila soko lake kubwa na bila walipa kodi wake wengi.

Matokeo yake kwenye ramani yalikuwa ya ajabu. Cheongwon iliizunguka Cheongju pande zote, kama ute wa yai unavyozunguka kiini. Kaunti ilikuwa na takriban kilomita za mraba 787, jiji 153 tu. Kwa watu mizani iligeuka: kuelekea muungano jiji lilikuwa na zaidi ya 650,000, kaunti zaidi kidogo ya 150,000. Makao makuu ya kaunti yenyewe yalikuwa katikati ya jiji, katika ardhi isiyo yake. Mkulima wa Munui, kata mojawapo ya kaunti, mwenye shida iliyohitaji ofisi kuu ya kaunti alilazimika kuvuka mpaka na kuingia Cheongju ili ahudumiwe na serikali yake mwenyewe. Uwanja wa ndege uliofunguliwa 1997 uliitwa wa Cheongju, lakini ulikuwa Naesu, ndani ya kaunti.

Kwa hali hiyo mtu angedhani muungano ungekuwa jambo jepesi. Haukuwa. Jaribio la 1994 lilikwama kwa upinzani wa kaunti. Mwaka 2005 kura zilipigwa pande zote mbili: zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura jijini waliunga mkono, na kaunti ikakataa kwa wingi wa kura. Mwaka 2010 baraza la kaunti likakataa tena. Ukiitazama hesabu ya watu, utaelewa kwa nini. Upande mdogo ukiungana na mkubwa, katika kila uchaguzi unaofuata kura zake ni chache. Wakazi wa mashambani waliogopa kwamba fedha zingeishia katikati ya jiji, majalala yangeletwa kwao, na nafuu walizopewa kama watu wa vijijini zingeondoka. Sioni ukaidi hapo. Ni hofu yenye msingi, na majibu yake yanapaswa kuandikwa kabla ya muungano.

Sehemu ya majibu ilikuwepo tayari katika sheria. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Korea Kusini inaruhusu jiji la mchanganyiko, lenye mitaa ya mjini, yaani dong, pamoja na miji midogo na kata za vijijini, yaani eup na myeon. Hili ni jambo zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa eneo likibaki eup au myeon, linabaki na nafuu nyingi zinazohusu vijiji, hata kama meya wake ni wa jiji.

Sehemu nyingine ilitokana na mazungumzo. Kwa jaribio la nne pande hizo mbili zilikubaliana kwanza juu ya orodha ndefu ya ahadi, zikiwemo ofisi za wilaya za jiji jipya kujengwa katika ardhi ya kaunti. Juni 2012 baraza la jiji lilipitisha muungano, na tarehe 27 wananchi wa kaunti wakapiga kura. Sheria ilitaka angalau theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura wajitokeze, la sivyo masanduku yasingefunguliwa. Walijitokeza zaidi ya theluthi, na karibu wanne kati ya kila watano wakakubali. Mwaka 2013, kabla ya muungano wenyewe, nauli ya basi ikawa moja kwa jiji na kaunti. Abiria wa vijijini, aliyekuwa akilipa zaidi kadiri ya umbali, aliona faida mkononi mwake.

Julai 1, 2014 kaunti ikafutwa. Jiji jipya la Cheongju likawa na kilomita za mraba zipatazo 940 na wilaya nne: Sangdang, Seowon, Heungdeok na Cheongwon.

Hapo ndipo wasomaji wengi hukosea. Wilaya ya Cheongwon si kaunti ya Cheongwon iliyopunguziwa cheo. Imeshika Naesu, Ochang na Bugi, lakini pia mitaa iliyokuwa ya jiji tangu zamani. Munui imeingia Sangdang, na Osong yenye kituo cha treni za kasi iko Heungdeok. Zaidi ya hayo, mkuu wa wilaya huteuliwa na meya, na wilaya haina baraza la kuchaguliwa. Kipande kingine hakikufika Cheongju kabisa: sehemu kubwa ya kata ya Buyong ilihamishiwa jiji jipya la Sejong mwaka 2012, na leo inaitwa Bugang. Kwa hiyo anayetafuta takwimu au kumbukumbu za kaunti hiyo azitafute kata kwa kata.

Umbo la ramani peke yake haliamui kitu. Kaunti ya Wanju inalizunguka jiji la Jeonju karibu vivyo hivyo, ingawa si pande zote, na makao yake makuu yalikuwa ndani ya jiji hilo hadi yalipohamishiwa Yongjin mwaka 2012. Wananchi wake walipiga kura Juni 2013, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Cheongwon, na wengi wakakataa.