Mfalme wa Nepal hakung'olewa kwa bunduki

Ukitaja Nepal kwenye mazungumzo ya siasa, hakosi mtu wa kusema kwamba waasi wa Kimao, wakomunisti wanaofuata mawazo ya Mao Zedong wa China, walishuka milimani na kumtimua mfalme. Sivyo. Walianza vita mwaka 1996, na miaka kumi baadaye walikuwa bado hawajauteka mji mkuu, Kathmandu.

Aliyeharakisha mambo ni Mfalme Gyanendra mwenyewe. Tarehe 1 Februari 2005 alimfukuza waziri mkuu Sher Bahadur Deuba, akatangaza hali ya hatari na kujitwalia serikali. Simu zikakatwa. Wanajeshi wakaingia vyumba vya habari kukagua kila kinachochapwa, hata gazeti moja, lisiloweza kuandika siasa, likaandika tahariri kuhusu soksi. Msomaji alielewa.

Vyama saba vya siasa, vingine mahasimu wa miaka mingi, vikaungana. Novemba 2005 vikafikia makubaliano ya vipengele 12 na waasi. Hapo ndipo penye kiini cha kuanguka kwa mfalme, maana Wamao walikubali siasa za vyama vingi. (Vita vyao vilimdhoofisha mfalme, hilo halina ubishi.)

Aprili 2006 watu walijaa barabarani siku 19, amri ya kutotoka nje ikapuuzwa. Tarehe 21 mfalme alivitaka vyama vimtaje waziri mkuu. Vikakataa, vikidai bunge lililovunjwa mwaka 2002. Siku tatu baadaye akalirudisha.

Ufalme wenyewe ulifutwa tarehe 28 Mei 2008, kwa kura 560 dhidi ya 4 katika Bunge la Katiba.