Maziwa Hayaondoi Sumu ya Dawa za Shambani: Maswali na Majibu

Viuatilifu ni nini?
Ni kemikali za kuua wadudu, magugu, kuvu au panya wanaoharibu mazao. Hapa nazungumzia zaidi dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, maana wagonjwa wake ndio tunaoletewa hospitalini wakiwa wamechelewa.

Zinamdhuruje mtu?
Mishipa ya fahamu huamrisha misuli na tezi kwa kemikali maalumu, kisha kimeng'enya huivunja ili amri ikome. Oganofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho, na amri haikomi. Mate na jasho vinatiririka, mboni za macho zinasinyaa kama tundu la sindano, misuli inachezacheza, mgonjwa anatapika na kuharisha. Mwisho mapafu hujaa majimaji. Mdudu naye hufa kwa kufungiwa kimeng'enya kama hicho, kwa hiyo usidhani dawa hii inachagua.

Nikinywa maziwa baada ya kupulizia, si yanaondoa sumu?
Hapana. Sumu ya mpuliziaji hupita zaidi kwenye ngozi, na nyingine huvutwa kwa pumzi. Maziwa yanaishia tumboni. Yatakutana nayo wapi?

Na aliyeinywa kwa bahati mbaya?
Hapana tena. Asipewe maziwa, mayai mabichi wala mafuta, na asitapishwe. Dawa nyingi za maji zimechanganywa na viyeyushi vya petroli. Zikiingia mapafuni wakati wa kutapika, zinayaunguza. Mpelekeni hospitali sasa hivi.

Lakini jirani alikunywa maziwa akapona!
Alipona kwa sababu sumu iliyomwingia ilikuwa kidogo. Maziwa hayakumsaidia. Tafadhali acheni kulitoa hili kama ushahidi, kwa sababu wanaolisikia hukaa nyumbani wakisubiri "yafanye kazi", kisha tunaletewa mtu anayekoroma, mapovu mdomoni. Tunayo atropini ya kukausha majimaji, na oksijeni. Ipo pia pralidoksimu ya kukifungua kimeng'enya, ila saa zikipita sumu hukishika kimeng'enya moja kwa moja, na hapo dawa hiyo haifui dafu. Saa mnazozipoteza kwenye maziwa ndizo tunazozihitaji.

Tufanye nini kabla ya kufika hospitali?
Mtoeni kwenye dawa. Mvueni nguo zote, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele na chini ya kucha. Macho yasuuzwe kwa maji safi dakika 15 au zaidi. Anayeosha avae glavu. Kama hali ni mbaya, kuosha kusiwe sababu ya kuchelewa. Chukueni chupa au kibandiko chake: si kila sumu hutibiwa sawa. Parakwati, kwa mfano, ni ya kuua magugu, haina kiuasumu, na hata oksijeni ikitolewa bila uangalifu huongeza madhara kwenye mapafu.

Amepata nafuu siku ya pili. Tumrudishe nyumbani?
Msimtoroshe wodini! Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli inaweza kulegea ghafla. Ndiyo maana tunamwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, pumzi nayo iko hatarini.

Sayansi haijaleta mazao yasiyohitaji dawa?
Imesaidia kiasi. Mazao ya Bt yamewekewa jeni ya bakteria *Bacillus thuringiensis*, hivyo hujitengenezea protini inayoua baadhi ya viwavi, na mkulima hupunguza kupulizia kwa ajili ya viwavi hao. Wadudu wanaofyonza utomvu, kama vidukari, wanabaki.

Mbegu zilizopakwa dawa zikibaki, naweza kuziosha nikazipika?
Hapana. Ile rangi nyekundu au ya waridi imewekwa makusudi ili usizile. Ukiosha, rangi inaweza kutoka na sumu ikabaki. Kupika hakuifanyi kuwa salama. Usimpe hata kuku. Aliyekwisha kuzila aende hospitali na mfuko wa mbegu mkononi, hata kama hajisikii chochote.