Hapana, huhitaji kiki

Wiki hii nimeletewa tena ombi la kiki, yaani kisa cha kutungwa ili mtu azungumzwe. Safari hii ni mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri na adabu kwenye maikrofoni, anataka nimwandikie ugomvi wa uongo kati yake na mpambaji wa kumbi ili video isambae TikTok. "Dada, siku hizi bila kiki hutoki," akaniambia. Kabla yake alikuja mama anayeuza udi na marashi Ngamiani, akitaka tangazo la redio ambalo yeye na mtangazaji wanarushiana maneno. Kabla ya mama huyo, fundi makochi. Wote hoja yao ileile, na wote ni watu wanaoijua kazi yao vizuri sana, ila hawajui kuisema.

Mimi naandika na kusoma matangazo hapa Tanga: ya redio, ya gari la matangazo, ya mtandaoni. Pia nasaidia watu wa masherehe na wa kazi za mikono kujenga majina yao. Hoja hii nimeijibu kwa mdomo mpaka nimechoka.

Kiki ina kazi moja na inaifanya barabara: watu wengi wanakutazama kwa siku chache. Sibishi hapo. Nabisha hesabu inayofuata, ile ya kwamba waliokutazama watakuja kununua.

Chukua mama wa Makorora ambaye binti yake ameposwa. Jioni anakaa na dada zake na mashangazi wa binti, karatasi mkononi, wanapanga: turubai, mpishi, mpambaji, somo wa kumsinga bibi harusi, mshereheshaji. Kwa kila kazi yanatajwa majina mawili au matatu, na aghalabu linalotajwa mwanzo ndilo linalopigiwa simu. Riziki yako inaamuliwa pale, na wewe hupo. Jina la kijana wa kiki litatajwa, bila shaka. "Yule aliyegombana na mpambaji." Watacheka, wataoneshana video, kisha shangazi mmoja atauliza: huyo tumweke mbele ya wakwe? Basi, imekwisha. Wote wanamjua na hakuna anayemwita.

Mshereheshaji wa huku kwetu anauza vitu visivyoonekana kwenye video ya sekunde 20. Anajua sheikh akianza dua muziki unazimwa, haupunguzwi. Anajua kumtaja babu wa upande wa bwana kabla ya mheshimiwa diwani, na kumtuliza diwani kwa jicho. Pilau likichelewa, wageni hawagundui, kwa sababu ameshawapa jambo la kuwashughulisha. Akitaka kuwanyamazisha vijana wa spika, hawaaibishi. Familia inalipa ili isifedheheke mbele ya watu, na video ya ugomvi ni ushahidi kwamba mtu huyu akipata nafasi ya kumfedhehesha mwenziwe ataitumia. Ndiyo maana nakasirika. Anatoa pesa zake mwenyewe kuthibitisha kwamba hafai kwa kazi ambayo anaiweza.

Wanaonipinga hunitajia wasanii. Diamond Platnumz, wanasema, kila kukicha yuko midomoni mwa watu na ameuza mpaka karanga na manukato. Kweli ameuza. Lakini msanii anauza kutazamwa kwenyewe: ukibofya video, papo hapo biashara imefanyika, na kwenye tamasha wataingia wanaompenda pamoja na waliokuja kumshangaa, kiingilio kilekile. Fundi makochi hauzi kutazamwa. Anauza sponji isiyobonyea na kukabidhi kazi siku aliyoahidi. Tena nyuma ya Diamond kuna nyimbo nyingi, kuna miaka, na siku hizi kuna redio na televisheni ya Wasafi. Anayeiga kiki ameiga kile kipande chepesi kuigika, akaacha mzigo wote uliobaki.

Hata kwa wasanii wenyewe sina uhakika kiki inaleta kiasi gani. Nimeona nyimbo zilizosindikizwa na ugomvi mkubwa zikafa kabla ugomvi haujapoa, nimeona nyingine zikadumu, na sikuweza kusema mapema ipi itakuwa ipi. Wanaofundisha fani hii kwenye semina hujibu swali hilo upesi. Mimi sijapata jibu la kunitosheleza.

Nipite haraka kwenye mambo mawili ya wenzetu wa nje, maana huwa yananukuliwa vibaya. Wazo la mtu kuwa brandi lilienezwa na Mmarekani Tom Peters kwenye jarida la Fast Company mwaka 1997, na aliwasukuma wasomaji wake wajiulize kuhusu kazi: unafanya nini chenye thamani kinachokutofautisha na wengine? Leo swali hilo limeachwa, limebaki la una wafuasi wangapi. La pili ni la kutumia staa. Nike walipotoa viatu vya Michael Jordan mwaka 1985, kiatu cha kikapu kilikuwa mguuni mwa mtu ambaye kuruka ndiyo kazi yake, kwa hiyo ukimkumbuka yeye umekikumbuka kiatu. Mlipe mchekeshaji atangaze mabati, watu watakariri kichekesho na kusahau mabati ya nani. Nimewauliza watu barazani mara nyingi kuhusu matangazo ya namna hiyo. Wanakusimulia lote, na kuigiza juu yake, halafu jina la bidhaa hawalijui.

Kinachonishangaza ni kwamba kujenga jina sisi tulikuwa tunakujua, tena hapahapa. Waulizeni wazee wa Tanga habari za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Bendi za dansi za wakati ule zilitambulikana kwa mtindo, yaani mdundo wa kwake kila moja. Western Jazz walikuwa na Saboso. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikashika Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo, na mpaka leo ukisema Sikinde hakuna anayeuliza bendi gani. Mfano ninaoupenda zaidi ni NUTA Jazz. Iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha jina hilo, NUTA. Chama kikabadilika, bendi ikaitwa JUWATA. Kikabadilika tena, ikaitwa OTTU. Kwa hesabu ya maafisa masoko wa leo hiyo ni bendi iliyopoteza brandi yake mara mbili. Lakini mtindo ulikuwa Msondo tangu enzi hizo, mashabiki waliushika huo, na hatimaye bendi yenyewe ikaitwa Msondo Ngoma. Jina la ofisi lilikuja na kuondoka. Lililobaki ni lile ambalo watu walilisikia ndani ya kazi yenyewe, kwenye ngoma na magitaa, kila Jumamosi, miaka nenda rudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukapata wetu, Dr John na Mkoloni, Wagosi wa Kaya. Wakati vijana wengi wa kufoka walikuwa wanahangaika kusikika kama wa Dar es Salaam, au kama wa Marekani kabisa, hawa walifoka kwa lafudhi ya kwao. Ukiwasha redio katikati ya wimbo, kabla hujasikia jina lolote, ulishajua ni nani na ametoka wapi. Pesa za tangazo haziwezi kukununulia hicho. Na hawakukitengeneza kwa wiki moja: walikuwa wanaongea hivyo tangu utotoni, wakakataa kukificha.

Akina mama mnaonisoma, hili mnalo makabatini. Tafuteni kanga zenu za "Mali ya Abdulla", za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Mji, yaani ile picha ya katikati, unabadilika, rangi zinabadilika, jina, yaani yale maandishi, linabadilika kila toleo kwa sababu wanawake wanataka maneno mapya ya kusemana. Ile alama ya pembeni haibadiliki. Bibi aliitafuta kwa jicho kabla ya kugusa kitambaa, mama akaitafuta, na wewe unaitafuta. Jipya linamvuta mnunuzi, la zamani linamhakikishia, na yote mawili yamo kwenye kitambaa kimoja. Wateja wangu hufanya kinyume chake: kila mwezi nembo mpya, rangi mpya, jina jipya la akaunti, huku bidhaa wanazopiga picha ni zilezile za mwaka juzi.

Wanabadilisha kwa sababu wamechoka wao. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo matangazo mengi mazuri yanapouawa. Wewe mwenye duka tangazo lako unalisikia kila siku, umelisikia kabla halijatoka, umelisikiliza na shemeji yako, umeliweka stetasi. Baada ya mwezi linakuchefua. Mteja wako kalisikia mara mbili, moja akiwa anakaanga samaki na nyingine akiwa amesinzia kwenye daladala ya Raskazone. Siku unayolifuta ndiyo siku ambayo yeye alikuwa anaanza kulikariri.

Gari la matangazo ndilo lililonifundisha kuandika. Redioni nina sekunde 30, yaani maneno sitini hivi nikisoma bila kukimbia, na anayesikiliza anaweza kulipata tangazo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gari likitoka barabara ya nane kwenda ya tisa, aliyekaa kibarazani anapata kipande. Linakuja kwa mbali halisikiki sawasawa, linasikika wazi kwa muda mfupi, linaondoka. Hujui atapata kipande kipi. Kwa hiyo andiko la gari halina mwanzo wala mwisho. Kila sentensi inabeba jina na kazi, ili aliyeipata hiyo moja awe amelipata tangazo zima. Wateja huniletea karatasi yenye salamu ndefu, historia ya duka, bidhaa kumi na mbili na namba tatu za simu. Ile salamu peke yake inamaliza nyumba mbili, na nyumba hizo mbili zimesikia kwamba kuna mtu anawasalimu.

Yule mama wa udi hatukuweka ugomvi wowote. Nilikaa naye dukani, nikamwuliza watu huwa wanasema nini wakija mara ya kwanza. Akasema wengi wamenusa udi wake kwenye harusi ya mtu, wakauliza unauzwa wapi. Tangazo nilikuwa nimepewa tayari. Sentensi ya gari ikawa: "Ukinusa udi harusini usiulize, ni wa barabara ya kumi na mbili." Jina lake halimo, na alinung'unika kwa hilo, nikamwelewa. Lakini Ngamiani tumepewa anuani zinazokaririka bila jasho, na sentensi hiyo inafanya kazi gari likiwa limeshaondoka. Mwanamke aliyeisikia Jumatano, Jumamosi akiingia kwenye ukumbi na kunusa udi, pua yake itamrudishia tangazo wakati ambao mimi silipii chochote. Haja inapokuja, jina linakuja nayo. Ubunifu ninaoutafuta ni huo. Watu hudhani ubunifu ni kushtua, wakati kazi kubwa ni kutafuta mahali ambapo kumbukumbu inaweza kuning'inizwa.

Je, liliuza? Aliuza zaidi, ndiyo. Ila gari lilianza kupita Shaabani, na Shaabani nusu ya mji inaozesha kabla ya Ramadhani kuingia, udi ungetoka tu. Nikamwomba awaulize wanunuzi wametusikia wapi. Wengi wakajibu "redioni". Hatukuwa tumeweka redio hata siku moja. Watu hawadanganyi, wanajibu kile kinachoelekea kuwa kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia anajua kwa hakika tangazo lake limeleta wateja wangapi kwenye duka la mtaani, mwulize amejuaje, na mwulize mwezi gani. Ninachoweza kukiamini ni ishara ndogo: mteja anapoanza kutumia maneno ya tangazo mwenyewe, akiingia na kusema "nimeufuata ule wa kumi na mbili".

Waliokwisha kufanya kiki huniuliza wafanyeje. Msitoe maelezo marefu mtandaoni, kila maelezo ni safari nyingine ya kisa kilekile. Msibadilishe jina la akaunti, mtawapoteza na wale wachache waliokuwa wanawatafuta kwa wema. Wapigieni simu wateja wenu wa zamani, mmoja mmoja, kwa sauti zenu. Kisha onesheni kazi, kazi tupu, mpaka mtu akitafuta jina lako akutane na keki kumi kabla ya kisa. Kuna mpishi wa keki nilimsimamia hivyo, na baada ya msimu wa harusi kupita na mwingine kuingia, oda zikarudi. Kuna mlezi wa watoto wadogo ambaye kwake haikusaidia. Video yake ilikuwa ya kuigiza tu, na alieleza hivyo kwa kila mzazi, lakini wazazi walihamisha watoto na hawakurudi. Kwa kazi ambayo mtu anakukabidhi mwanawe sijaona njia ya kurudi nyuma. Kama kuna mwenzangu wa Bagamoyo au Mombasa amewahi kufanikiwa, aniandikie, nitaiweka hapa njia yake kwa ruhusa yake.