Kwa nini kilele cha Kilimanjaro hupandwa usiku wa manane?

Saa tano usiku milango ya vyumba pale Kibo Hut, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kilele, hugongwa. Chai ya moto, biskuti mbili tatu, kisha mwongozaji anahesabu watu wake na kukagua glavu za kila mmoja. Nje ni giza totoro na baridi inauma masikio. Watu waliotoka Ujerumani, Korea au Kariakoo, waliolipa fedha nyingi ili wauone mlima mrefu kuliko yote Afrika, wanaanza kuupanda wakati ambao hawauoni kabisa. Kinachoonekana ni visigino vya aliye mbele, vikimulikwa na tochi ya kichwani.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba ni kuliwahi jua likichomoza. Jibu hilo ni nusu tu. Jua ni bakshishi. Hata kama mashariki pangekuwa na ukuta wa kuziba mapambazuko yote, msafara bado ungeondoka saa sita usiku, kwa sababu kinachoipanga safari hii ni kushuka kuliko kupanda.

Tupige hesabu kwa njia ya Marangu, ile ya vibanda. Kibo Hut iko kama mita 4,720 juu ya usawa wa bahari. Gilman's Point, mahali unapougusa ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, iko karibu mita 5,685. Ni kama kilomita moja ya kwenda juu tu, na kwa mwendo wa pole pole huchukua muda wa saa tano hadi sita. Kutoka hapo kuzunguka ukingo hadi Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, ni saa moja na nusu au mbili. Kisha unarudi njia ileile hadi Kibo Hut, unajinyoosha kidogo, halafu unaendelea kushuka mpaka Horombo, mita 3,720, ndiko kulala.

Ukiondoka saa sita usiku, unafika Gilman's kama saa kumi na mbili alfajiri, Uhuru saa mbili asubuhi, Kibo Hut saa tano na Horombo saa tisa alasiri, supu ikiwa mezani. Ukisema uondoke saa kumi na mbili asubuhi kama mtu mwenye akili timamu, Uhuru utakuwa saa nane mchana na Horombo utaingia saa tatu usiku, magoti yamekwisha, unakanyaga mawe usiyoyaona. Siku ndefu namna hii giza halikwepeki. Unachoweza kuchagua ni kulitembea wakati gani, na waongozaji walishaamua zamani: afadhali giza la kupanda, wakati miguu bado ina nguvu na mwendo ni wa kinyonga, kuliko giza la kushuka, wakati kila jiwe linatafuta kifundo cha kutegua.

Utauliza, si walale hukohuko juu? Tatizo ni hewa. Pale Uhuru kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Oksijeni bado ni asilimia 21 ileile, ila kila pumzi inabeba nusu ya mzigo iliokuwa ikibeba Tanga. Mwili huzoea, lakini huchukua siku nyingi. Kichwa huanza kugonga, chakula hakipiti, usingizi hauji. Kwa wachache maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na dawa ya kwanza ya hali hiyo ni kuteremka upesi. Ndiyo maana mlimani watu hupanda juu na kulala chini. Ipo kambi ndani ya kreta yenyewe, zaidi ya mita 5,700, na wapo wanaolala pale baada ya siku nyingi za kuzoea. Sijasikia mtu akiusifu usingizi wake.

Halafu kuna mawingu. Mchana jua likipasha miteremko, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, hupanda, na kubeba unyevu wa msitu na wa migomba ya Uchagani. Ikifika juu inapoa, unyevu unageuka wingu. Mtu wa Moshi analijua hili bila kufundishwa fizikia. Mgeni akitaka kuuona mlima huambiwa aamke mapema, maana jua likipanda mlima hujifunika shuka. Usiku mambo hugeuka. Miteremko inapoa, hewa baridi iliyo nzito inateremka, na mawingu yanashuka nayo na kutandaa kama bahari nyeupe chini ya wapandaji. Anayefika kileleni saa mbili asubuhi ana nafasi nzuri ya kuona dunia. Anayefika saa nane mchana anaweza kuishia kupiga picha na ubao wa Uhuru ndani ya ukungu, na picha ya ukungu angeipata Lushoto kwa nauli ya basi.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, walijifunza hesabu ya saa kwa miguu yao. Tarehe 3 Oktoba 1889 walikata ngazi kwenye barafu kwa shoka, kidato baada ya kidato, na walipofika ukingo wa kreta muda ulikuwa umekwenda na nguvu zimekwisha. Wakageuza. Kilele chenyewe walikikanyaga tarehe 6 Oktoba, jaribio la pili.

Siku hizi mpandaji wa Marangu hakati barafu. Adui wake ni changarawe, mteremko mzima wa vijiwe vilivyolegea. Usiku unyevu uliomo ndani yake huganda, na ardhi inashika mguu kama imemwagiwa saruji. Mchana ikiyeyuka, unapiga hatua mbili na kurudishwa moja. Upande wa magharibi jambo hilo ni la kufa na kupona. Kwenye njia ya Western Breach kuna mawe yanayoshikiliwa na barafu, na barafu ikilegea mawe hushuka. Januari 2006 yaliporomoka na kuwaua Wamarekani watatu, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Anayepita pale hutakiwa awe ameshapanda kabla jua halijagusa miamba.

Sababu moja haiandikwi kwenye ratiba yoyote, ingawa waongozaji huisema wakicheka: mgeni akiuona ule mteremko mchana, kuna uwezekano mkubwa akarudi kula ugali Marangu. Gizani anaiona hatua moja tu, na hatua moja kila mtu anaiweza.

Yote haya yana bei, na bei ni baridi. Wengi hudhani baridi kali kuliko zote ni ya saa sita usiku. La. Ardhi hupoteza joto usiku kucha bila kulipwa chochote, kwa hiyo deni huwa kubwa kuliko wakati wowote pale jua linapokaribia kutoka. Kama saa kumi na moja alfajiri nyuzi huweza kuwa 15 chini ya sifuri, na upepo unaongeza yake. Maji kwenye chupa yanaganda, simu inazimika mfukoni kwa sababu betri haipendi baridi. Ndiyo saa ya mtu kukaa juu ya jiwe na kutangaza kwamba ameridhika na alipofika.

Ghafla mashariki panapasuka.

Kutoka Gilman's, jua hutokea upande wa Mawenzi, kilele cha pili chenye meno meno, mita 5,149. Wachaga wana hadithi ya Mawenzi na Kibo, kilele kikuu chenye Uhuru: Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto kila mara moto wake ulipozimika, hata Kibo akachoka, akachukua mchi na kumtwanga, ndiyo maana Mawenzi amechongoka hivyo hadi leo. Anayekaa pale ukingoni akitetemeka anaona kisa kikiwa kimegeuzwa. Sasa Kibo ndiye mwenye baridi, na moto unaletwa kutoka kwa Mawenzi.

Jua hilo, zaidi ya hayo, limewahi. Aliye juu huona mbali zaidi ya ukingo wa dunia unaomzuia aliye chini. Kwa urefu wa Uhuru upeo wa macho uko karibu kilomita 300, na jua humfikia mpandaji kama dakika tisa kabla ya kumfikia mtu ambaye angesimama mahali palepale kwenye usawa wa bahari. Sasa angalia ramani. Mombasa iko kilomita 280 hivi upande wa mashariki kidogo kusini, na kwa kuwa dunia inazunguka, Mombasa hutangulia kupambazuka kwa takriban dakika tisa hizohizo. Maana yake mvuvi anayesukuma ngalawa pale Nyali na mpandaji aliye Uhuru wanaliona jua karibu kwa wakati mmoja, huku Moshi, mji ulio miguuni pa mlima, bado ukisubiri zamu yake.

Watu wengi hapo huelekeza kamera mashariki tu. Ningekushauri ugeuke. Upande wa magharibi, kuelekea Mlima Meru, kivuli cha Kilimanjaro kimelala juu ya mawingu, na kina umbo la pembetatu iliyochongoka kama pembe. Kibo kina kichwa bapa, sasa ncha imetoka wapi? Kivuli kile kina urefu wa mamia ya kilomita, na wewe umesimama kwenye mwanzo wake. Kingo zake zinaonekana kukutana kwa mbali kama reli mbili za treni zinavyoonekana kukutana. Milima karibu yote hutoa pembetatu hiyo, uwe na kilele cha sindano au cha meza. Na ukiwa umepanda usiku wa mwezi mpevu, jambo ambalo wengi hulipanga kwa makusudi ili wapate mbalamwezi, utauona mwezi ukizama upande huohuo wa kivuli. Mwezi mpevu daima uko mkabala na jua, kwa hiyo mmoja akiingia mwingine anatoka.

Si Kilimanjaro tu inayopandwa hivi. Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, huanzwa saa nane au tisa usiku kwa sababu zilezile. Lakini mahali pengine sababu ni nyingine kabisa. Jabal Musa kule Sinai, mita 2,285, mahujaji hupanda usiku kwa kuogopa joto, maana mchana jangwa lile ni tanuri. Kwenye Sri Pada ya Sri Lanka, mita 2,243, watu hupanda zaidi ya ngazi 5,000 kwa ibada. Juu kuna alama kama ya unyayo, ambayo Wabudha husema ni ya Buddha, Wahindu ya Shiva, na Waislamu wengi ya Nabii Adamu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa miaka ya 1330, aliupanda mlima huo mwaka 1344. Pembetatu ya kivuli pale ni sehemu ya ziara yenyewe, watu huingoja.

Huko Japani, Fuji, mita 3,776, jua ndilo hasa linalofuatwa. Wajapani wana neno maalumu la mapambazuko yanayoonwa kutoka kileleni, goraiko, lenye maana ya ujio mtukufu wa nuru. Kwa kuwa watu walizidi kuupanda usiku kucha bila kulala popote, wakifika juu hoi, mwaka 2024 mkoa wa Yamanashi uliweka geti kwenye njia ya Yoshida, likawa linafungwa saa kumi jioni hadi saa tisa usiku kwa asiye na nafasi kwenye kibanda cha kulala. Ni kinyume cha Kibo. Wakati Marangu watu wanaamshwa ili watembee usiku, Yoshida wanazuiwa hadi waonyeshe mahali watakapolala. Naona Wajapani wana haki. Fuji ina vibanda mlima mzima na huanzwa na kumalizwa ndani ya siku mbili, hivyo mtu hana kisingizio cha kutopumzika.

Kilimanjaro, kufikia saa tatu asubuhi, mambo yamekwisha. Jua limekuwa kali hata watu wanavua makoti mawili mawili na kutafuta miwani. Changarawe iliyokuwa saruji usiku sasa imelegea hadi kwenye vifundo, na mteremko uliopandwa kwa muda wa saa sita unashukwa kwa muda wa saa mbili, visigino mbele, vumbi likitimka. Mara ya kwanza mpandaji anauona wote, kutoka ukingo hadi mapaa ya Kibo Hut yaliyo kama visanduku vya kiberiti kule chini. Wengine husimama kidogo, wakatazama juu, wakatazama chini, wasiseme kitu. Kutoka upande wa Marangu wingu la kwanza limeshaanza kupanda.